Miaka minne na gari la dizeli lenye chujio la masizi, Dodoma

Nilihamia Dodoma mwaka 2019, wizara zilipoanza kufungua ofisi Mtumba, nikiwa na gari dogo la petroli lililozoea foleni za Mbezi na Ubungo. Halikuwa gari baya, ila kila baada ya wiki mbili nilikuwa nikilipeleka Dar es Salaam kuwaona wazazi, kilomita karibu 450 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na baada ya miaka miwili nilikuwa nimechoshwa na risiti za sheli. Mwaka 2021 nikaagiza kutoka Japani gari lililoinuka kidogo, toleo la mwaka 2014, lenye injini ya dizeli ya lita 2.2, tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi), gia otomatiki, na lile chujio la masizi ambalo mafundi hulitaja kwa herufi zake tatu, DPF. Chapa yake siitaji, kwa kuwa mengi nitakayoyasema ni tabia ya injini za namna hii, na jirani mwenye gari la kampuni nyingine lenye injini kama hiyo atayatambua bila kuelekezwa.

Nianze na forodha, maana hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ilhali iliyo kati ya 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5, kwa hiyo dizeli ya lita 2.2 inakuingiza kwenye fungu la juu hata kama gari lenyewe si kubwa. Umri nao una bei yake: gari la kutembelea likitimiza miaka 8 huongezewa ada ya uchakavu, na likipita miaka 10 ada hiyo huwa mara mbili. Langu lilikuwa na miaka 7, likaponea chupuchupu. Anayeliona gari kama hili kwenye tovuti za wauzaji wa Japani kwa bei ya kutupa, basi apige hesabu ya kodi kwanza, halafu ajiulize mmiliki wa awali aliliuza kwa nini.

Sifa zake ziko barabara kuu, na hapo silinyimi hata moja. Dizeli hutoa nguvu zake injini ikiwa bado inazunguka taratibu, kwa hiyo lori la shehena ya Kongo likikuzuia kwenye milima ya kati ya Gairo na Dumila huhitaji kusubiri injini ipige kelele ndipo ulipite. Unakanyaga mafuta kidogo, tabo inavuta, na lori limebaki nyuma kabla abiria hawajaacha mazungumzo yao. Upande wa magharibi nimelipandisha mlima wa Saranda kuelekea Manyoni likiwa na watu watano na magunia mawili ya mahindi, na mama yangu mkubwa aliyekaa nyuma hakuamka. Katika vijiji ambako kibao cha 50 na askari mwenye tochi huenda pamoja, linatambaa bila kunung'unika, na likitoka kijijini linarudi kwenye mwendo wake kana kwamba halikupunguza.

Nina daftari la mafuta, tabia niliyoirithi kwa baba. Tangi lina lita 58. Kutoka Kisasa ninakoishi hadi Mbezi, likiwa na watu wanne na kiyoyozi kikiwaka, limekuwa likitumia lita 27 hadi 29, yaani kilomita 16 kwa lita moja. Lile la petroli, lenye injini ndogo zaidi, lilikuwa likimaliza 36. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kuna miezi dizeli inakuwa juu ya petroli na miezi inakuwa chini, lakini katika safari ndefu sijawahi kuona mwezi ambao gari hili lilinitoza zaidi ya lile la zamani. Hata hivyo nisimpe mhandisi sifa yote. Lita ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli kwa kiasi cha asilimia 10 na ushee, na kaboni dayoksaidi inayotoka nayo ni nyingi zaidi, takriban kilo 2.7 kwa lita dhidi ya 2.3. Ukizidisha, safari yangu ya kwenda Dar es Salaam ilitoa kilo 76 kwa dizeli pale ambapo petroli ingetoa 83. Tofauti ipo, ila si ya kuitangazia majirani.

Kinachoshangaza watu ni kukosekana kwa moshi. Mjomba wangu aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka ishirini alichukua leso yake nyeupe, akaipitisha ndani ya mdomo wa eksozi, akaitazama, akaipitisha tena. Leso ilitoka na vumbi la Kisasa tu. "Dizeli isiyotoa moshi ina ugonjwa," alisema, akakunja leso. Tulicheka siku ile, lakini kwa namna fulani alikuwa amesema kweli, kwa sababu moshi haukuwa umetoweka. Ulikuwa umefungiwa ndani.

Katikati ya bomba la eksozi kuna kipande cha kauri chenye vijia vyembamba, kimoja kimezibwa mbele na jirani yake kimezibwa nyuma, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye kuta na kuacha masizi humo. Mafundi wetu hukiita masega, kama yale ya magari ya petroli, ingawa kazi zake hazifanani: masega ya petroli hupitisha moshi na kuubadilisha, lakini chujio hili hukamata na kushikilia. Likishajaa kiasi, kompyuta ya gari huamuru nozeli zimwage dizeli kidogo ya ziada baada ya mlipuko, mafuta hayo huenda kuwakia kwenye eksozi, joto la chujio hupanda hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi huungua. Kazi hiyo inataka dakika kumi na tano hadi ishirini za mwendo usiokatika. Dereva makini huijua inapoanza: injini huzunguka juu kidogo kuliko kawaida ukiwa umesimama, feni huvuma, matumizi ya mafuta kwenye dashibodi hupanda ghafla, na ukishuka husikia harufu ya kitu kilichoungua. Ukizima gari wakati huo, kazi imekatika, na dizeli iliyokuwa ikimwagwa huachwa njiani. Sehemu yake huteleza kandokando ya pistoni na kuingia kwenye oili.

Kwa miaka mitatu ya kwanza hayo yote niliyasoma tu kwenye kitabu cha gari. Kila wiki mbili nilikuwa na saa saba au nane za barabara kuu, chujio lilijisafisha lenyewe mahali fulani kati ya Mbande na Morogoro, nami sikujua hata lilifanya hivyo lini. Halafu mwishoni mwa Julai 2024 treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ikaanza safari za Dodoma na Dar es Salaam. Nilipanda mara ya kwanza kwa udadisi, nikafika chini ya saa nne nikiwa nimelala nusu ya njia, na tangu siku hiyo sijaendesha kwenda Dar es Salaam zaidi ya mara mbili. Gari likabaki na maisha ya mjini: kumpeleka mtoto shule asubuhi, kilomita kumi na kitu hadi Mtumba, kurudi, Jumamosi soko la Majengo, Jumapili kanisani. Mchana wa Oktoba, jua la Dodoma likiwa limesimama utosini, nilikuwa nikimsubiri mtu ndani ya gari, kiyoyozi kinawaka na injini inanguruma bila kwenda popote. Kwa petroli hiyo ni hasara ya mafuta tu. Kwa dizeli yenye chujio ni kujaza ghala usiloliuza.

Taa ya chujio iliwaka mwezi wa tatu wa maisha hayo mapya, kwenye foleni ya Ihumwa. Kwanza iliwaka bila kumeta, na hapo bado kuna nafasi: kitabu kinakuambia utafute barabara ndefu uendeshe kwa mwendo wa wastani mpaka izime. Mimi nilikuwa na kikao. Siku ya tatu ikaanza kumeta, gari likapoteza nguvu, na likakataa kuvuka mwendo wa bodaboda iliyopakia mkaa.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, ambayo nitaiacha bila jina, haikupima chochote. "Mama, haya masega ni ya Ulaya, huku kwetu yanakusumbua bure," fundi mkuu aliniambia akiwa bado amekaa. "Tunayatoa, tunayafuta kwenye kompyuta, gari linakuwa jepesi, wewe unasahau." Bei aliyonitajia ilikuwa chini ya gharama ya sevisi mbili, na kwenye kona ya banda lake nikaona masega ya wateja wengine yamerundikwa kama matofali. Ndani ya vitu vile huwa mna platinamu, madini ya thamani, na mwenye gari ndiye anayemlipa fundi kisha akamwachia. Nilimshukuru nikaondoka taratibu, taa ikiendelea kunikonyeza.

Wa pili alikuwa kijana wa Nkuhungu niliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Alinisalimu shikamoo, akachomeka mashine yake chini ya usukani, na kabla ya kusoma majibu akaniuliza swali ambalo wa kwanza hakuliuliza: "Mama, kwa siku unatembea umbali gani bila kuzima?" Nilipomweleza habari ya treni akatabasamu. Alilisogeza gari hadi kwenye sakafu ya saruji, mbali na nyasi, akaamuru usafishaji kwa kompyuta, na kwa nusu saa injini ikavuma yenyewe bila mtu kwenye kiti, joto likitetemesha hewa nyuma ya bampa. Ilipomalizika akabadilisha oili na chujio lake, kwa kuwa oili ilikwisha changanyika na dizeli. "Halina ugonjwa hili, mama," alisema akifuta mikono. "Lina njaa ya barabara."

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikukubali kuyatoa, maana wenzangu wengi wameyatoa na magari yao yanakwenda. Yanakwenda, ni kweli. Mwaka 2012 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na chujio hili ndilo kitu pekee kati ya injini yangu na mapafu ya kijana wa bodaboda anayesimama nyuma yangu kwenye taa. Isitoshe, gari lililobuniwa kwa ajili ya chujio likiondolewa chujio hubaki na injini ileile inayotengeneza masizi yaleyale. Tofauti ni nani anayeyabeba.

Juu ya mafuta yetu nimesikia maneno mengi kuliko ukweli. Wapo wanaosema dizeli ya Tanzania ina salfa nyingi mno kwa magari haya, na zamani walikuwa na haki. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni. Japani wanatumia 10, lakini gari langu halijalalamikia zile arobaini za ziada. Hatari yetu imekuwa uchakachuaji, neno ambalo halihitaji maelezo kwa Mtanzania. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida, na hali imekuwa nafuu kubwa. Mimi bado najaza kwenye vituo viwili tu ninavyovijua, nahifadhi risiti, na sisogelei kabisa dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara kuu hata iwe nusu bei. Pampu ya injini hizi husukuma mafuta kwa shinikizo linaloweza kufika bar 2,000, ilhali tairi la gari lina bar mbili na kitu. Tone la maji au punje ya mchanga likifika huko, nozeli nne zinaweza kukugharimu pesa ya kununulia kiwanja Nala. Chujio la dizeli hubadilishwa kwa wakati, na mvua za Desemba zikianza namwambia fundi afungue na maji yaliyojikusanya chini yake.

Oili ndiyo somo lililonigharimu kulielewa. Katika magari tuliyoyazoea tunaogopa oili ikipungua. Hapa ogopa ikipanda, kwa kuwa kupanda kwake ni dizeli iliyoingia, na dizeli hailainishi vyuma. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa, natoa kijiti na kutazama. Oili yenyewe lazima iwe ya majivu machache, ile yenye alama ya DL-1 au C3 kwenye galoni, kwa sababu masizi huungua lakini majivu ya oili ya kawaida hayaungui. Hubaki kwenye chujio daima. Dukani kwetu hukosi muuzaji atakayekuambia oili ya dizeli ni oili ya dizeli. Siyo. Nanunua galoni mbili ninapokuwa Dar es Salaam na kuzibeba kwenye treni.

Vumbi la Dodoma nalo linataka sura yake. Kuanzia Juni upepo unapochachamaa hadi mvua zinapofika, chujio la hewa langu hubadilika rangi kabla ya kilomita 5,000, na tabo inavuta hewa nyingi kuliko injini isiyo nayo, kwa hiyo kila sevisi namsimamia fundi akaze vibano vya mipira ya hewa mmoja mmoja. Na kuna jambo moja ambalo halimo katika kitabu cha Kijapani kwa mkazo unaotufaa sisi: wakati wa kiangazi usiegeshe gari hili juu ya nyasi kavu baada ya safari. Eksozi iliyotoka kuchoma masizi ni jiko, na Agosti nyasi za hapa ni karatasi.

Je, ni safi kama linavyosifiwa? Kwa masizi, ndiyo, leso ya mjomba ni shahidi. Kwa oksidi za naitrojeni, gesi nyingine chafu za eksozi, nasita. Kashfa ya Volkswagen ya Septemba 2015, ambapo magari yapatayo milioni 11 duniani yalikutwa na programu ya kudanganya vipimo, ilionyesha kuwa gesi hizo ni ngumu kuzipunguza kwenye dizeli, na gari langu halina ule mfumo wa kunyunyiza urea unaozipunguza. Prado za dizeli za lita 2.8 zilizouzwa Japani kuanzia mwaka 2015 zinao. Mwenye gari hilo hana budi kutafuta maji ya AdBlue, yaani hiyo urea, pamoja na mafuta, na tangi lake dogo likikauka gari haliwaki tena. Kama unaagiza, uliza habari hiyo kabla ya kulipa.

Ningemshauri nani alinunue? Mfanyabiashara wa alizeti anayekwenda Singida na Babati kila wiki, mkaguzi wa miradi anayelala Kondoa leo na Mpwapwa kesho, mtu yeyote ambaye mita yake ya kilomita inahesabu mamia. Mtumishi wa Mtumba anayeishi Ilazo na kupanda treni kwenda pwani, hapana. Achukue petroli ndogo au haibridi, na fedha itakayobaki anunue tiketi.

Mimi mwenyewe sasa ni huyo wa pili, na bado sijaliuza. Kila Jumamosi ya pili, nikishatazama oili, nashika barabara ya Singida. Baada ya Nala barabara inanyooka, naweka mwendo wa 80, na mahali fulani kabla ya Bahi mshale wa matumizi unapanda, nami najua limeanza. Kilomita hamsini na kitu zinatosha. Nikifika Bahi siwezi kugeuza mikono mitupu kama kichaa, basi nanunua mchele, kilo kumi, wakati mwingine ishirini. Mume wangu alihesabu wiki iliyopita: stoo ina kilo 115, na mjomba ameomba kujua kama gari la jirani pia lina njaa.